MRUSHAJI WA LEO NI NANI? Kusoma namba kabla ya kubeti Yankees na Red Sox

Kuna mdau kaniuliza juzi: hii besiboli inayojaa kwenye mikeka kila Juni ligi za Ulaya zikiwa likizo, mtu unaibeti vipi wakati hata sheria zake huzijui? Swali zuri, na najua hayuko peke yake. Unafungua ukurasa, hakuna Arsenal, hakuna Barcelona, kuna New York Yankees na Boston Red Sox. Pembeni ya kila timu kuna jina la mtu mmoja kwa maandishi madogo. Wengi hawalitazami hilo jina. Wanaona Yankees, wanaikumbuka ile kofia ya NY ambayo kila kijana wa mjini anayo, wanabonyeza. Mkeka unachanika halafu tunaambiwa besiboli ni bahati nasibu.

Sasa leo tuongee kuhusu hilo jina dogo, maana ndo karibu nusu ya mechi.

Kwa kifupi kabisa, kwa asiyejua: mechi ina raundi tisa, na kila raundi timu zinapokezana kupiga mpaka watu watatu watolewe. Anayewarushia wapigaji mpira ndiye mrushaji, na hakuna kinachoanza uwanjani mpaka yeye arushe. Kwenye soka straika anaweza kukaa dakika ishirini hajagusa mpira na timu ikashinda. Mrushaji hana hiyo nafasi. Halafu mkono wake unachoka, kwa hiyo anayeanza mechi leo kwa kawaida hapangwi tena mpaka zipite siku nne au tano. Maana yake Yankees ya Jumanne si Yankees ya Jumatano. Jezi ni zilezile, ila ubora wa timu umebadilika kwa kiasi ambacho kwenye soka ungehitaji kubadilisha wachezaji wanne watano. Ndo maana odi za timu zilezile mbili, uwanja uleule, zinapanda na kushuka kila siku.

Kwa nini nimechagua Yankees na Red Sox? Kwa sababu hapo ndipo watu wanapoweka hela kwa moyo badala ya kichwa. Uhasama wao ni wa zaidi ya miaka mia. Desemba 1919 Boston walimuuza Babe Ruth kwa New York, na dunia inamkumbuka kama mpigaji, lakini Boston alikuwa mrushaji hatari: 1916 alimaliza msimu akiwa na ERA ya 1.75, bora kuliko wote kwenye ligi yao ya American League. Tangu 2023 wanakutana mara 13 kwa msimu wa kawaida, kabla ya hapo zilikuwa zinafika 19. Kila wakikutana, mashabiki wa pande zote wanabeti timu yao, na Yankees wana mashabiki kila kona ya dunia. Mimi naamini hicho ndicho kinachofanya bei ya Yankees iwe ghali kuliko inavyostahili siku nyingi. Haya, twende kwenye namba.

Namba ya kwanza utakayoiona ni rekodi ya mrushaji, mfano 14-12, yaani kashinda 14 kapoteza 12. Hii IRUKE. Nasema kwa herufi kubwa kwa sababu ndiyo inayodanganya wengi. Mrushaji anaweza kurusha vizuri na wenzake wasipate hata pointi moja. Mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York Mets alimaliza na ERA ya 1.70, msimu wa ajabu kabisa, lakini rekodi yake ilikuwa 10-9. Timu yake ilikuwa haimfungii. Aliyesoma rekodi tu alimuona mtu wa kawaida. Waliopiga kura ya mrushaji bora hawakudanganyika, walimpa tuzo ya Cy Young.

Ya pili ni hiyo ERA. Hesabu yake ni rahisi: chukua pointi zilizopatikana kwa mrushaji (zile zilizotokana na makosa ya walinzi wake hazihesabiwi), zidisha kwa 9, gawa kwa raundi alizorusha. Pedro Martínez akiwa Boston mwaka 2000 aliruhusu pointi 42 kwenye raundi 217. 42 mara 9 ni 378, gawa kwa 217 unapata 1.74. Wakati huo wastani wa ligi yao ulikuwa karibu 4.9! Yaani mechi nzima ya raundi tisa, mrushaji wa kawaida anaruhusu karibu tano, huyu hata mbili hazifiki. Ukisikia wazee wa besiboli wanamtaja Pedro kwa sauti ya chini kama wako msikitini au kanisani, sababu ndo hiyo.

Ila ERA nayo ina matatizo yake. Mpira ukishapigwa ukabaki ndani ya uwanja, kinachotokea baada ya hapo si kazi ya mrushaji peke yake. Kuna walinzi wazito na wepesi, kuna uwanja, kuna bahati. Mmarekani mmoja anaitwa Voros McCracken alilichimba hili mwishoni mwa miaka ya 1990 na 2001 akalitoa hadharani: warushaji wengi wana uwezo mdogo sana wa kuamua kama mpira uliopigwa ndani utadakwa au utaanguka. Walimbishia, lakini hoja yake kuu ikabaki imesimama. Kwa hiyo angalia vile ambavyo mrushaji anavifanya mwenyewe bila msaada wa mtu: ametoa wangapi kwa straiki tatu (kwenye jedwali inaandikwa K), amewapa wangapi besi ya bure kwa kurusha ovyo (BB), na amepigwa homurani ngapi, yaani ile mipira inayotoka nje kabisa ya uzio.

Kutokana na vitu hivyo wakatengeneza namba inaitwa FIP, inasomwa kama ERA: ikiwa ndogo ni nzuri. Ukikuta mrushaji ana ERA ya 2.80 lakini FIP yake ni 4.20, huyo anabebwa na walinzi au na bahati, na bahati ina tabia ya kurudi kwao. Ukikuta kinyume chake, ERA 5 na FIP 4, huyo ni mzuri kuliko wanavyomsema vijiweni. Huyo ndiye wa kumtafuta, kwa sababu odi zake zinakuwa kubwa.

Kuna na WHIP, ambayo ni idadi ya watu wanaofika besi kwa hiti au kwa BB kwa kila raundi. Pedro mwaka 2000 alikuwa na 0.737. Ukiona mtu wa chini ya 1.10 mheshimu, ukiona juu ya 1.40 kaa naye mbali. Inatosha.

Sasa nataka niwaonyeshe kitu ambacho wauza "uhakika" hawawezi kukuonyesha. Wachukue warushaji wawili, majina makubwa kuliko yote ya uhasama huu: Pedro Martínez upande wa Boston na Roger Clemens upande wa Yankees (ambaye kumbe zamani alikuwa wa Boston, hapo ongeza chumvi). Tarehe 16 Oktoba 1999 wakakutana Boston kwenye mtoano. Dunia nzima ilisubiri mechi ya pointi chache. Matokeo: Boston 13, Yankees 1. Clemens alitolewa raundi ya tatu, Pedro akarusha raundi saba, hiti mbili tu, akatoa watu 12 kwa straiki. Tarehe 28 Mei 2000 wakakutana tena New York. Safari hii mpaka raundi ya nane hakuna aliyepata kitu, ikaamuliwa na homurani moja raundi ya tisa: Boston 2, Yankees 0. Tarehe 16 Oktoba 2003, mtoano, mechi ya saba, aliyeshindwa aende nyumbani. Yankees 6, Boston 5, raundi 11.

Umeona? Majina yaleyale, jumla ya pointi 14, halafu 2, halafu 11. Aliyebeti pointi nyingi au chache kwa kutazama majina tu alikuwa anarusha shilingi juu. Namba za msimu mzima zinakwambia mrushaji ni mtu wa aina gani kwa mechi 30. Usiku mmoja ni kitu kingine. Timu bora kabisa kwenye besiboli haishindi kama Man City walivyokuwa wanashinda. Seattle Mariners wa 2001 walishinda mechi 116 kati ya 162, kiwango ambacho hakuna aliyekipita mpaka leo, na bado walipoteza mechi 46. Chicago White Sox wa 2024 walipoteza 121, aibu tupu, lakini walishinda 41. Kila unapoona mtu anauza mechi ya besiboli ya "asilimia mia", funga huo ukurasa.

Hiyo mechi ya 2003 ina somo lingine, na ndilo ninalolipenda zaidi. Pedro msimu ule alikuwa na ERA ya 2.22. Baada ya raundi saba alikuwa ameshafikisha mirusho 100, Boston wanaongoza. Kila aliyemfuatilia alijua Pedro wa mirusho 100 ya kwanza na Pedro wa baada ya hapo ni watu wawili tofauti, mwili wake ulikuwa mdogo na bega lilishamsumbua. Namba za kuonyesha hivyo zilikuwepo na klabu ilikuwa nazo. Kocha Grady Little akamrudisha raundi ya nane, Boston wakiwa mbele 5-2. Akaja Jeter, hiti. Williams, hiti. Kocha akatoka kwenda kuongea naye, watu wakajua sasa anamtoa... akamwacha! Matsui, hiti. Posada, hiti, 5-5. Pedro akaondoka na mirusho 123. Raundi ya 11 Aaron Boone akampiga Tim Wakefield homurani kwenye mrusho wake wa kwanza, mchezo ukaisha. Na Wakefield huyohuyo alikuwa ameshinda mechi mbili za mfululizo ule. Little hakuongezewa mkataba.

Kwa hiyo usiulize tu ERA yake ni ngapi. Uliza huwa anafika mrusho wa ngapi kabla hajaanza kupigwa, na mara ya mwisho alirusha lini na mingapi. Wapigaji wakimwona mrushaji mara ya tatu usiku mmoja wameshamsoma.

Mwaka uliofuata ndo kichekesho kamili. Oktoba 2004 Yankees walikuwa mbele mechi 3-0, Boston wakarudisha zote mpaka 3-3, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea kabla ya hapo kwenye ligi kuu ya besiboli. Mechi ya saba, tarehe 20 Oktoba, New York. Warushaji: Kevin Brown wa Yankees, msimu 10-6, ERA 4.09. Boston wanampanga Derek Lowe, 14-12, ERA 5.42, ambaye mtoano ulipoanza hakuwa hata kwenye orodha ya waanzaji, na alikuwa amepumzika siku mbili tu. Kwa karatasi unambeti nani? Lowe akarusha raundi sita, hiti moja, pointi moja. Brown hakumaliza raundi ya pili. Boston 10, Yankees 3.

Bahati? Ipo, sikatai. Ila tazama kilichokuwa kimejificha. FIP ya Lowe ya mwaka ule ilikuwa chini ya ERA yake kwa takriban pointi nzima. Huyu ni mtu wa mipira inayoviringika chini, anategemea sana walinzi wa ndani, walinzi wakilala ERA inapanda bila yeye kuharibika. Miaka miwili nyuma, 2002, alikuwa na ERA ya 2.58. Brown kwa upande wake alikuwa na mgongo mbovu, mwanzoni mwa Septemba alipiga ukuta kwa hasira akavunja mkono, na kwenye mechi ya tatu ya mfululizo uleule aliruhusu pointi nne kwenye raundi mbili tu. Namba ya msimu, 4.09, haikuwa na habari ya mgongo. Sisemi ungejua ingekuwa 10-3. Nasema pengo lililoonekana kwenye karatasi halikuwepo, na mwenye odi kubwa ndiye aliyekuwa na thamani.

Sasa mambo ya siku hizi, maana mchezo umebadilika. Mrushaji anayeanza sasa hivi anakaa wastani wa raundi tano na kidogo, baada ya hapo wanaingia wa akiba mmoja mmoja. Umebeti jina moja, mechi inamalizwa na watu wanne usiowajua. Tarehe 30 Septemba 2025, mtoano, Yankees na Boston, New York. Max Fried (19-5, ERA 2.86) dhidi ya Garrett Crochet (18-5, ERA 2.59, watu 255 kwa straiki). Fried alitoka raundi ya saba Yankees wakiongoza 1-0. Akaingia wa akiba, Boston wakapata mbili hapohapo, mechi ikaisha 3-1. Aliyemtoa Fried ni kocha Aaron Boone, ndiyo, yuleyule wa homurani ya 2003!

Hapo kuna soko ambalo wabetiji wengi wa huku hawaligusi: raundi tano za kwanza tu. Siku ile aliyebeti Yankees mechi nzima alilia, aliyebeti Yankees raundi tano alichukua hela, maana mpaka hapo ilikuwa 1-0. Kama hoja yako yote ni mrushaji anayeanza, basi beti kile kipande anachokicheza yeye. Mimi sioni sababu ya kuchambua mtu mmoja masaa mawili halafu hela yako akaishike mwingine.

Uwanja nao usiusahau. Fenway wa Boston una ukuta wa kijani upande wa kushoto, urefu wa mita 11 hivi na uko karibu, mpira ambao kwingine ungedakwa pale unagonga ukuta na kuwa hiti. Yankee Stadium uzio wa kulia uko karibu, futi 314 pembeni, kwa hiyo wapigaji wa mkono wa kushoto wanafurahia. Mrushaji anayepigwa mipira ya juu usimwamini pale hata ERA yake ikipendeza.

Tuje kwenye hela yenyewe. Tuseme Yankees wana 1.67 na Boston 2.30. Gawa 1 kwa odi: Yankees 59.9%, Boston 43.5%. Jumla 103.4%. Hiyo 3.4 iliyozidi ndiyo chakula cha kampuni, unailipa ushinde ushindwe. Sasa wewe umechambua, umeona Yankees wana nafasi ya 55%. Ni bora kuliko Boston, sawa, lakini kwa 1.67 ukiweka shilingi 1,000 kila mara, wastani unarudishiwa kama 918. Unapoteza huku umepatia! Boston kwa 45% na 2.30 unarudishiwa 1,035. Beti sahihi hapo ni timu unayoamini itafungwa. Hili watu linawashinda kumeza, hasa Yankees na Red Sox, ambapo kila mtu anataka awe amesema "nilijua".

Na kuunganisha mechi tano za besiboli kwenye mkeka mmoja? Hata kila moja ikiwa na 60%, zote tano kutiki ni chini ya 8%. Mkeka kama huo unachanika mara 12 kati ya 13. Wanaobandika mikeka iliyotiki hawabandiki ile 12.

Zile beti za mrusho mmoja, kwamba utakuwa wa kasi gani au utakuwa straiki, mimi siziweki. Novemba 2025 warushaji wawili wa Cleveland Guardians walifunguliwa mashtaka Marekani wakidaiwa kupanga mirusho na wabetiji. Walikana mashtaka. Baada ya hapo beti za aina hiyo zikawekewa kikomo cha dola 200 kule, na zikazuiwa kuunganishwa na nyingine.

Mwisho ni suala la saa, na hapa sisi tunaumia kimyakimya. Mechi ya saa moja na dakika tano jioni New York, kwetu ni saa nane na dakika tano usiku. Kikosi cha wapigaji kinatoka masaa matatu manne kabla, yaani saa nne au saa tano usiku, muda ambao kafe nyingi zinavuta geti. Ukibeti saa kumi jioni unabeti bila kujua kama mpigaji mkubwa anapumzishwa, au kama mrushaji mwenyewe kaumia wakati wa kupasha mwili. Kwa hiyo kabla hujabonyeza soma sheria za kampuni yako: mrushaji aliyeandikwa akibadilishwa, beti inafutwa hela inarudi, au inaendelea na yeyote atakayekuja? Kuna zinazofuta na kuna zinazoendelea. Kama inaendelea, basi lile jina dogo ulilolichambua halimo kwenye tiketi yako.

Nawasilisha. Mwenye swali la FIP, au aliyekesha kuangalia ile ya 2004, uwanja ni wenu hapo chini.